Anwani Ileile

Saa nane usiku, Iyunga. Baridi ya Julai
imebana vioo, na mlima hauonekani.
Chumba cha mashine peke yake ndicho chenye joto.
Nimevua koti nimelitundika kwenye kona ya rafu,
ninasoma kwa nini mvua inachelewa.

Si mvua yenyewe. Ni hesabu ya mvua:
kazi moja, namba 4471, inayokadiria
Novemba itaanzia wapi, Mbarali au Chunya.
Ilizoea saa nne. Leo inaelekea ya saba.

Mashine yetu ni nyumba ya vyumba viwili, paa moja.
Kila chumba na wapishi wake, na ghala lake ubavuni,
katikati ujia mwembamba.
Kazi ilizaliwa chumba sifuri, ikajaza ghala la huko.
Mpanga zamu, yule asiyelala,
akaona sifuri pamesongamana,
akaihamishia chumba cha pili.
Alihamisha mikono.
Shehena aliiacha.

Basi kila tone linalohesabiwa linafuatwa ng'ambo.
Hakuna kosa, majibu ni sahihi mpaka desimali ya mwisho.
Ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Naujua ugonjwa huu. Upo nyumbani kwangu.

Mama yangu, Anyesi Mgaya, nilimleta kutoka Lupembe
juu ya lori la mbao: kitanda, mtungi, kuku watatu
(mmoja alifia Igawa).
Mikono yake ipo hapa. Akitaka chumvi
mkono unapanda kushoto, usawa wa sikio,
kwenye rafu iliyobaki kilomita mia mbili na ushee nyuma yake,
unaning'inia hewani,
unashuka mtupu.
"Lukelo, chumvi mmeitia wapi?"
Hajasahau kitu, daktari akitaka aulize.
Amepanda Makambako, ameshuka, amerudi,
na uji umeshaanza kumwagika.

Kwa mashine ninayo amri. Mstari mmoja:
namba ya kazi, toka sifuri, nenda moja.
Ukurasa unafungwa; anayeuhitaji asubiri mlangoni.
Unanakiliwa wote, pamoja na makosa yake,
kwenye ghala la karibu.
Halafu daftari la anwani: jina haliguswi,
mahali panafutwa, panaandikwa upya.
Ukurasa wa zamani unarudi akiba, hauna mwenyewe.

Na kazi haijui. Inaita jina lilelile
na kuitikiwa kutoka jirani.
Milioni moja na laki mbili za kurasa
zimehama nikiwa nakunywa chai ya rangi.
Skrini ikaandika: zilizogoma, kumi na saba.

Hizo zimepigiliwa misumari. Kuna kifaa cha nje
kinasoma palepale, hakipitii daftari la mtu;
ukizisogeza, kitasoma kaburi tupu na kuamini.

Jumamosi iliyopita nilinunua ubao Sae,
nikapiga rafu kushoto, usawa wa sikio la Mama,
nikaweka chumvi.
Jioni mkono ukapanda, ukakuta, ukashuka,
akaendelea kumsema jirani bila kukata sentensi.
Hakushukuru. Hakuona cha kushukuru.
Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji
kwa muda.

Lakini kila siku saa kumi kamili
anaacha alichoshika, anafuta mikono kwenye kitenge:
"Kimeshalia."
King'ora cha kiwanda cha chai. Miaka thelathini na mmoja
kilimwambia aweke tenga chini.
Mimi nasikia bodaboda, na redio ya fundi cherehani.

Saa kumi na moja alfajiri kazi 4471 imekwisha.
Novemba inaanzia Mbarali, inasema, ikichelewa siku sita.
Navaa koti.
Zile kumi na saba nimeziacha zilipo.