Kupisha

Waya unaingia kwa dirisha la jikoni,
unapita nyuma ya kabati la vyombo,
unaishia kwenye kompyuta yangu.
Hapo zamani ilikuwa sebule moja.
Ukuta tuliujenga sisi wenyewe, tofali za kuchoma,
siku arobaini baada ya kumzika baba.
Kwangu likabaki dirisha la barabarani,
kwake Mihayo mlango wa uani.
Kochi refu halikugawanyika.
Lilikaa nje mpaka mvua za Novemba zikalimaliza.

Miaka miwili, mtaa mzima wa Isevya ukijua,
tulisalimiana kwa kukohoa.

Kisha Jumapili moja akasimama mlangoni na tindo:
"Dada Kalunde, bei ya mwezi imenishinda peke yangu.
Nitoe nusu?"
Hakusema samahani.
Sikusema karibu.
Nilisogeza kabati.

Tundu alilotoboa ni dogo,
kidole cha shahada kinapita bila pete.
Mita saba za waya wa buluu,
na vumbi jekundu juu ya sahani zangu zote.

Kompyuta yangu sasa ina vinywa viwili:
kimoja kinameza kutoka nje,
cha pili kinamtemea Mihayo.
"Ukiizima hii," fundi Kasanda alinionya, "na yeye anakatika."
Nikaitikia kama mtu asiyejali.
Tangu usiku ule sijaizima.
LUKU inalia, naongeza umeme, sisemi kitu.

Usiku namjua kwa uzito wa mtandao.
Ukurasa wangu ukitambaa, yupo,
anaangalia video zake za kufunga mashine za kukoboa,
saa nzima ya mikono ya mtu na bisibisi.
Ukikwama kabisa, amepata nyingine ndefu zaidi.
Natukana kimoyomoyo. Nasubiri.
Ni ajabu jinsi unavyoweza kumzoea mtu
kwa kile anachokupunguzia.

Baba alikuwa mtu wa stesheni,
miaka ishirini na tisa pale reli inapochanuka,
mkono huu Mwanza, mkono huu Kigoma.
Alitupeleka kuangalia garimoshi la mizigo
limesimama njia ya pembeni, linahema,
na mabehewa ya abiria yakipita yamewasha taa.
"Reli ni moja," alisema, "kazi ni kupisha."
Hatukumsikia.
Mihayo alihesabu mabehewa kwa sauti,
mimi nikimbishia idadi.

Juzi, maombi ya mkopo wa chuo wa binti yangu Nyanzala,
mwisho saa sita kamili usiku.
Vyeti tisa, kila kimoja kizito kama gunia la karanga.
Saa nne na nusu nilipandisha cha kwanza,
nikajiandaa kwa dhiki.
Kikaenda.
Cha pili kikaenda kabla sijaketi vizuri.
Cha tano, cha sita. Mtandao mwepesi,
mwepesi mno, kama nyumba iliyohamwa.

Hapo ndipo nikaogopa.
Upande wa pili hapakuwa na sauti ya feni, wala kikohozi.
Nikaacha cheti cha saba katikati,
nikainama nyuma ya kabati, shavu kwenye tofali.
"Mihayo?"

Kimya.
Halafu kiti kikakwaruza sakafu.

"Nipo."

"Mbona umezima? Unaumwa?"

"Nilikusikia mchana unaongea na Nyanzala kwenye simu.
Tundu hili halina adabu."
Akanyamaza kidogo.
"Pandisha kwanza. Mimi nipo gizani hapa, sina haraka."

Saa tano na dakika arobaini
kioo kikaandika: maombi yamepokelewa.
Nikatafuta neno la kumwambia,
likawa refu kuliko tundu.

"Imeenda?" akauliza.
"Imeenda."

Nikasikia swichi yake.
Nikataka kumwandikia Nyanzala kwamba tayari,
barua fupi, mistari miwili tu.
Ikagoma. Duara likazunguka, likazunguka.
Nikaliangalia linazunguka,
mikono mapajani,
mpaka usingizi ukanikuta pale pale kwenye kiti.