Meza ya Mtu Mmoja

Mpango nimeuandika nyuma ya fomu za dawa,
zile za mtindo wa zamani ambazo wizara imezifuta.
Duka langu halitupi kitu.
Ijumaa: basi la alfajiri, Sofia hadi Thesaloniki,
kiti cha dirishani, upande wenye mto.
Saa nane mchana: chumba, ghorofa ya tano, lifti haipo,
kitanda kimoja. Mwenye nyumba aliniuliza mara mbili,
"Mito mingapi?"
Nikajibu miwili. Mmoja wa kichwa,
wa pili wa kukumbatia, na hilo sikumweleza.

Jumamosi asubuhi: Mnara Mweupe, kabla jua halijawa kali.
Kisha Rotonda, ambako nitainua shingo
niitazame dhahabu iliyobaki darini
kama mgonjwa anayesubiri matone ya jicho.
Kisha sokoni, kwenye zeituni na samaki, nipotee kidogo.
Nimeandika hivyo hivyo: kupotea, dakika arobaini.

Dada yangu Tsvetana alipiga simu kutoka Varna.
"Peke yako, Radostina? Kidole kimoja hakivunji chawa."
Nikamwambia, sina chawa. Nina siku tatu za likizo
na viatu vyekundu ambavyo havijawahi kutoka kwenye boksi.
Akanyamaza. Kisha akauliza bei ya viatu.

Mchana najua kuuishi. Mchana una tiketi,
una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea,
una kibao kinachokwambia jengo lina umri gani.
Usiku ndio uliomaliza wino wangu.
Usiku hauna kibao.
Mtaa wa Ladadika, walikokuwa wakiuza mafuta zamani,
sasa ghala ni baa, na baa ina muziki hadi mlangoni,
na mimi nitasimama wapi?
Mkono wa kushoto nitauweka wapi?
Glasi nitaishikaje nisionekane namsubiri
mtu asiyekuja?

Basi nikafanya mazoezi.
Jumatano nilifunga duka saa kumi na mbili, nikavaa vile vyekundu,
nikaenda mkahawa wa hapa hapa Pleven, wenye madirisha makubwa,
ambako nusu ya wateja nawajua kwa shinikizo la damu
na nusu nyingine kwa mambo ambayo sitayataja.
Plamen akaleta vijiko viwili. "Unamngoja nani?"
"Supu," nikasema.
Akakiondoa kimoja polepole, kama anayemfunika marehemu.

Dakika kumi za mwanzo nilisoma menyu kana kwamba ni barua.
Mke wa daktari Venkov akanipungia kwa huruma.
Kisigino cha kulia kilichubuka.
Halafu supu ikaja, ina chumvi ya kutosha,
na hapakuwa na mtu wa kuniuliza kama ina chumvi ya kutosha.
Nikala hadi chini. Nikaagiza mvinyo. Nikasikia
habari za meza tatu kwa mpigo:
mbuzi aliyeibwa, talaka, bei ya vigae.
Kumbe aliye peke yake amealikwa kila meza.

Nilirudi pekupeku, viatu mkononi,
lami bado ina joto la mchana.

Leo nimeongeza: plasta za kisigino, paketi mbili.
Nimejiuzia kwa bei ya dukani, nikajiandikia risiti.
Jumapili nimeipa kuta za mji wa juu, na basi la jioni.
Lakini Jumamosi, kuanzia saa tatu usiku,
nimepiga mstari, na chini ya mstari
nimeandika neno moja la Kigiriki, kwa herufi zao,
herufi zimelala upande kama wasafiri wa usiku:
mmoja. Yaani meza ya mtu mmoja, tafadhali.
Baada ya hapo karatasi ni nyeupe, na nimeiacha.

Tsvetana amepiga tena.
Anauliza kama vile viatu vipo saizi thelathini na tisa.