Hatua Kumi na Mbili

Tumeambiwa tusipande mti hatua kumi na mbili,
sita huku, sita kule, katikati nguzo ya njano
yenye namba ya simu kwa rangi nyeusi.
Maharage, sawa. Mahindi, sawa.
Kahawa, hapana. Mgomba, tutajadiliana.
Isale halikutajwa,
kwa hiyo mama alilichomeka palepale penye nguzo:
mpaka wao nimeuona, akasema,
na wao wauone wangu.

Mimi ni mlinzi wa kilomita nne,
kutoka reli hadi uzio wa shule, Uchira yote ya chini.
Kila Jumatatu natembea na fimbo na daftari.
Nilifundishwa siku mbili, Moshi mjini, soda na andazi:
tazama majani yanayokufa kabla ya kiangazi,
sikiliza mluzi usio na ndege,
chungulia mapovu penye maji,
nusa.
Gesi yenyewe haina harufu;
wameitia uvundo wa yai viza ili ijiseme.
Nikauliza, na asiyesikia harufu je?
Mkufunzi akacheka, wenzangu wakacheka,
tukaenda kula.

Mama yangu hasikii harufu.
Miaka arobaini ya mafiga na kuni mbichi
imeifunga pua yake kama duka la marehemu.
Ndizi zikiungua jikoni, ni mimi ninayepiga kelele.
Na gesi inapita chini ya jiko lake
(si chini hasa, hatua tisa, nimepima)
inakwenda kuyeyusha chuma cha watu wengine,
kama basi la usiku lisiloshusha Uchira.

Walipochimba, walitoa kwanza udongo mweusi,
kisha ule mwekundu wa chini, wenye mawe,
na walipofukia wakaanza na uliokuwa karibu.
Sisemi ni ubaya. Ilikuwa Ijumaa, wingu limetanda,
na katapila lilikuwa la kukodi.
Sasa udongo mweusi umelala huko na bomba,
na huku juu maharage yanachomoza manjano,
mafupi, kama yanaomba radhi kwa kuzaliwa.
Mfereji wa ukoo waliukata, wakaurudisha kwa saruji;
maji yanafika zamu yetu ikiwa imeshapita.
Fidia tulilipwa migomba kumi na saba.
Ilikuwa ishirini na mitatu.
Maji hayakuwa na safu kwenye fomu.

Jumatatu ya juzi, penye ile saruji,
mapovu.
Madogo, yanafuatana kama watoto mstarini.
Nikapiga magoti, nikanusa:
tope, mbolea ya ng'ombe wa Kiwelu,
yai? Sijui. Pua ikiogopa hunusa inachotaka.
Nikapiga ile namba ya nguzo.
Sauti ya mashine, pole kama ya muuguzi,
ikaniambia ninayempigia hapatikani kwa sasa.
Nikakimbia nyumba sita: zimeni moto, zimeni.
Mama akanitazama, sufuria ya maharage mkononi.
"Tule hewa?"

Walifika saa tisa baadaye, vijana wawili
na kifaa kinacholia kama kifaranga.
Hakikulia.
Ni pumzi ya udongo tu, wakasema, mfereji unapumua,
wakaandika *salama*, nami nikatia sahihi
kwa kalamu yao.
Yule mdogo, Elirehema, alipokwisha kupanda gari
akateremsha kioo: "Dada, lakini ulifanya vizuri kupiga."
Neno *lakini* lile
sijalipatia mahali pa kuliweka.

Mapovu yameacha. Au nimeacha kuyaona.
Mama siku hizi haombi tena habari za bomba.
Alfajiri tu, kuni zimepangwa, kiberiti mkononi,
ananiita nikiwa bado kitandani:
"Njoo uninusie nyumba."
Nakuja bila viatu. Nanusa pembe zote nne,
jivu, mbuzi, mvua ya jana.
"Washa," namwambia.
Na kila siku neno hilo linachelewa kidogo
kunitoka.