Yuro Kumi na Mbili

Kazi yangu ni kukaza nyuzi za piano,
kusini mwa Estonia, kutoka Tartu kushuka hadi mpakani:
shule zenye wanafunzi kumi na tisa, kumbi za zimamoto,
na wajane wenye piano isiyoguswa
tangu harusi ya kitinda mimba.
Masikio ninayo. Njia ndizo zinazonishinda.

Nilianzia dukani, kama mtu mwenye hela.
Kijana Rasmus, kola imenyooka kwa pasi,
akanitolea cha yuro mia na themanini na tisa:
ramani za Ulaya nzima, zinajisasisha maisha yote.
Maisha ya nani, nikamuuliza, yangu au yake?
Akacheka, akakirudisha kabatini.

Cha pili, tisini na tano,
kioo kipana kama sahani ya keki,
kinakuonya mapema palipo na kamera za mwendo.
Gari langu, likiteremka mlima na upepo ukilisukuma,
hufika themanini.

Cha tatu, hamsini na nne, kioo kama stempu.
Ningevaa miwani ya kuendeshea
na juu yake miwani ya kuitafuta njia.

Nikapiga hesabu: piano moja, nyuzi mia mbili na ushei,
mgongo umepinda nusu siku, mkononi yuro sitini,
toa petroli, toa supu ya njiani.
Cha rahisi ghali, najua.
Lakini cha ghali nacho ni ghali.

Jumamosi, nyuma ya stesheni, kwenye mitumba,
bibi Leida alikuwa amekilaza kati ya pasi mbovu
na viatu vya kutelezea barafuni.
Kumi na tano. Kumi. Kumi na mbili,
akaniongezea na soksi za sufu.

Mpira wake haunyonyi tena kioo cha gari.
Nimekifunga kwa uzi wa piano, ule mnene wa besi.
Kinasema Kifini tu, na Kifini ni binamu wa lugha yangu:
kushoto kwake kunafanana na kushoto kwangu,
kulia kwake sikukuelewa,
nikakata shauri kwamba kisicho kushoto ni kulia.

Daraja jipya hakilijui.
Kila Jumatatu, kiooni, kigari changu cha bluu
kinaelea katikati ya mto,
na yule mwanamke wa ndani anasihi:
geuka, geuka panapowezekana.
Mimi navuka, nimekauka.

Kisha Novemba, ukungu, msitu wa Haanja,
njia panda isiyo na kibao,
nikabonyeza kijumba kilichochorwa pembeni,
kwa mazoea tu, kama mtu anavyoita mama.
Kikafikiri. Kikasema:
nyumbani, kilomita mia nne themanini na moja.
Elekea kaskazini. Panda feri.

Kotka, ng'ambo ya bahari. Mtaa, namba ya mlango.
Nikazima wipa, nikakaa.
Aliuza gari na kukisahau ndani?
Au kuna mtu aliyebaki akigawa vitu vyake,
hiki kwa huyu, hiki kwa yule, hiki kwa yeyote?
Karatasi ya maelekezo inasema: shikilia sekunde tano, kitafutika.
Nilishikilia hadi tatu.

Nikafika kwa bibi Helve saa moja baadaye,
amesimama uani na kurunzi na shali ya marehemu.
Mi ya juu ilikuwa imelegea kama jino la mtoto.

Siku hizi nikimaliza, kabla sijawasha injini,
nakibonyeza kijumba kile nisikie ni umbali gani.
Ijumaa, mia nne thelathini.
Jana, mia nne na sabini.
Halafu narudi kwangu, kwa njia ninayoijua.

Ukiniuliza ununue kipi, sitakuficha:
nunua kile cha hamsini na nne.
Changu siuzi.