Tanbihi ya Saba

Somo linaitwa Utamaduni wa Ulaya, mihula miwili,
nami nalisoma Dodoma, bweni la juu kabisa,
ambako maji hupanda kilima siku ya Jumanne
na yakipotea njia hatuyaoni mpaka Ijumaa.
Usiku, upepo ukishachoka kugonga mabati,
Ulaya hunijia vipande vipande:
kwanza paji la uso la Dokta Wiebke,
kisha sauti, kisha midomo ya sauti hiyo
ikikimbilia nyuma kama mtoto aliyechelewa namba.

Tuko kumi na wanne kwenye kioo.
Taavi wa Tartu anatafuna mkate mweusi, hana habari na mtu.
Jadwiga wa Lublin amevaa sweta mbili, tena ndani ya nyumba.
Mimi nimejifunga kanga, ndoo iko miguuni,
sikio moja darasani, jingine kwenye bomba.

Mjadala ukifika penye kona, Dokta husema:
"Na Nyemo, kwa mtazamo wa Kiafrika?"
Bara zima, saa nne usiku!
Nalitafuta chini ya kitanda, naambulia ndala moja.
Ninao mtazamo wa Mpunguzi.
Ninao mtazamo wa mtu aliyekula mara ya mwisho saa saba.
Taavi hajaulizwa hata siku moja
Ulaya inasemaje.

Mwezi wa tatu tukafika sura ya mvinyo.
Mzabibu, alisoma Dokta, ni kumbukumbu ya Ulaya:
udongo, jua, ukoo, subira.
Akaonyesha picha: mlima wenye ngazi za kijani,
mzee ameshika mkasi, macho yako mbali.
Nikacheka. Kumbe sijazima kipaza sauti.

Mkasi ule naujua.
Baba yangu, Ndahani Chilongani, anao,
mpini ameuzungushia mpira wa baiskeli,
ila yeye hatazami mbali, anatazama jicho la tawi,
anahesabu: moja, mbili, kata.
Mzabibu wetu haujawahi kuona theluji,
usingizi wake hauji wenyewe, unatiwa kwa mkasi,
unazaa mara mbili kwa mwaka kama una deni.
Na mnunuzi akichelewa siku tatu
ukoo na subira huoza kwenye kreti moja.

Nikaandika insha, kurasa kumi na mbili.
Nikawanukuu wenye majina marefu, kama ada.
Na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, tanbihi ya saba:
*N. Chilongani, mazungumzo, shambani, alfajiri.
Asema: mzabibu hauna kwao, una anayeukata.*

Ikarudi na wino mwekundu pembeni:
*Nzuri. Ila chanzo hiki hakithibitiki.
Tafuta cha Ulaya.*

Jumamosi nikamsomea Baba, kati ya mistari ya mizabibu.
"Hakithibitiki ndiyo nini?"
"Kwamba hawana pa kukuonea."
Akapuliza vumbi kwenye mkasi.
"Waambie mbukwenyi. Waambie nipo.
Ila wasije baada ya saa nne, jua linakuwa kali."
Akaendelea kukata. Sikujua kama amekasirika.
Mpaka leo sijui.

Usiku ule Jadwiga akaniandikia, pembeni, sisi wawili tu:
bibi yake alichimba viazisukari miaka arobaini
na mgongo wake haumo katika sura yoyote.
*Nyemo, jina la mtu asiye na kitabu
linaandikwaje kwenye orodha ya marejeo?*
Nilikuwa nimeanza kumjibu
bomba likakohoa, likatema kutu, likaanza kuimba,
na korido nzima ikaamka kwa milio ya ndoo.
Nikaiacha Ulaya ikizunguka kiduara chake kwenye kioo,
nikatoka mbio, kanga mkononi.

Insha nimeituma tena leo.
Nimeongeza vyanzo viwili, vya Ulaya, vyenye jalada gumu.
Tanbihi ya saba sijaifuta.
Nimeiongezea namba ya simu
na maelekezo: apigiwe mapema,
akikata simu si dharau,
ameshika tawi.