Somoe Wawili

Newala, alfajiri. Ukungu umelalia madirisha ya thieta
na orodha ya leo ina Somoe wawili:
Somoe Nambunga, ngiri,
Somoe Nangomwa, mtoto kakaa vibaya.
Vitanda vimepakana. Wanaitana "somo",
wanacheka.

Mimi sicheki. Nauliza kila mmoja jina la mama yake,
naliandika kwenye plasta, naibandika mkononi.
Nangomwa akichomwa penisilini huvimba uso.
Hilo halimo kwenye faili.
Limo kwenye kisa kirefu, cha Kimakonde,
cha harusi ya dada yake
aliyoihudhuria macho yamefumba.
Nimekisikiliza chote, hadi pilau.

Kalamu ya ubao imekauka. Naichovya spiriti,
inaandika kwa kusitasita:
shashi ishirini, sindano sita,
damu chupa moja, i njiani.

Ndani, vinywa vimefunikwa, tunasema kwa nyusi.
Likotiko wa nusu kaputi akigusa sikio, presha inashuka.
Fatu ameshaweka mkasi kiganjani mwa daktari
kabla daktari hajajua anataka mkasi.
Simu: mama mkwe anauliza. Bado, mama.
Simu: damu iko getini.
Hiyo naipeleka, ila nasubiri
sindano itoke kwanza nyamani.

Mtoto akalia.
Daktari Rwiza anataka kufunga.
Nahesabu. Kumi na tisa.
"Ishirini," anasema, hajainua kichwa.
Nahesabu tena, kwa sauti, moja moja,
kama mtu anayelipwa korosho na hamwamini mwenye mizani.
"Kumi na tisa, daktari."

Uzi umesimama hewani.
Fatu anatazama ukuta.
Namwaga ndoo, napekua, napiga magoti chini ya meza,
naona buti mbili nyeupe.
"Inua mguu, daktari. Huo mwingine."
Ipo. Imenata kwenye soli, nyekundu, imekunjamana.

Ishirini, naandika.
Hakuna aliyeomba radhi. Uzi ukaendelea.

Nje, mama mkwe namwambia: wa kike, kilo tatu, mama yake mzima.
Habari za buti zinabaki ubaoni,
na ubao naufuta kwa spiriti ileile.

Kisha namsogelea yule wa ngiri.
Amejiinua kwa kiwiko, hofu imemkaa shingoni.
"Somo wangu vipi?"
"Salama. Na wewe,
mama yako anaitwa nani?"
"Si umeniuliza asubuhi?"
"Nakuuliza tena."