Kongwe

Jereniamu alizonitumia Zuhura kutoka Limuru,
miche sita ndani ya mikebe ya Kimbo,
zilikaa siku kumi na moja hapa Tudor.
Joto likazipika miguu.
Nikamwandikia: zimefika salama, zinakusalimu.

Chini ya mkungu huu hapamei kitu.
Majani yake mapana hunyima jua,
kisha huanguka mekundu, mazito kama ndara zilizolowa,
na udongo wenyewe mweusi kwa oili:
ndipo Mbwana alipokuwa akililaza lori lake.

Lakini kongwe,
ile aliyokuwa mamake akiing'oa kila Ijumaa,
akiirusha ukutani, nayo ikimea ukutani,
nilikata vipande vyake, nikavilaza,
nikavibana kwa kidole matopeni.
Sikuomba ruhusa.

Mvua za mwaka zilipokatika ilikuwa imeshafika ngazini.
Kila fundo limetoa mzizi.
Vijiua vya buluu, asubuhi tu;
ikiadhiniwa adhuhuri vimeshajikunja.

Shemeji alipita, akasimama mlangoni, akacheka:
"Funika kombe, mwanaharamu apite!"
Sikumjibu. Mikononi nilikuwa na beseni,
maji ya kuoshea mchele, meupe.
Nikayamwaga taratibu, pembeni mwa lile doa.

Sasa nikipenyeza vidole chini ya majani
nakuta ardhi baridi kama ubavu wa mtungi,
na jongoo mmoja, hana haraka,
anafuata njia ya matairi.